Jinsi Mapenzi ya Bunilizi za Kisayansi Yanavyoanza: Mfano wa Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Katika makala haya nakusudia kueleza jambo ambalo huguswa kwa nadra katika uchunguzi wa fasihi yetu, nalo ni hili: mtu huanzaje kupenda hadithi zinazosimulia vyombo visivyokwisha kuundwa, safari zisizokwisha kusafiriwa, na dunia ambazo bado hazijafikiwa? Mfano wangu nimeuchukua katika Usukuma na jirani zake, yaani Shinyanga, Kahama, Mwadui, na nchi ya dhahabu ya Geita ambako Wasukuma wamechanganyika na Wazinza na wageni wa kila kabila. Yamkini msomaji atauliza kwa nini nisichague Dar es Salaam, Nairobi au Unguja, ambako vitabu na majumba ya sinema ni vingi zaidi. Jibu ni kwamba chanzo cha kitu huonekana vizuri zaidi mahali ambapo kitu chenyewe hakijapewa jina. Mtoto wa Geita hupenda hadithi hizi kabla hajajua kwamba zina jina, na pengine hukua na kuzeeka asilijue.

MAANA YA JINA

Kwanza yafaa tuafikiane juu ya maana. Hadithi ya namna hii ina masharti mawili. La kwanza, iwe na ajabu ambayo haijapata kuwako katika dunia tuijuayo. La pili, ajabu hiyo ielezwe kwa sababu zinazoweza kufuatwa hatua kwa hatua, si kwa nguvu za majini, uganga wala miujiza. Jini akimchukua mtu hadi mwezini kwa kufumba na kufumbua, hiyo ni ngano. Mtu akienda mwezini ndani ya chombo kinachotupa moto nyuma ili chenyewe kisukumwe mbele, hiyo ni bunilizi ya kisayansi, hata ikiwa mwandishi hakupata kukiona chombo cha jinsi hiyo.

Wengine husema "hadithi za kisayansi". Jina hilo ni jepesi, lakini lina utata. Neno "kisayansi" lina maana ya namna au njia ya sayansi, kwa hiyo "hadithi ya kisayansi" yaweza pia kuwa masimulizi ya kweli juu ya maisha ya mtaalamu fulani au juu ya ugonjwa wa malale. Neno "bunilizi" laondoa utata huo. Limetokana na kitenzi "buni" kilichonyambuliwa kuwa "bunilia", kisha likaundwa kama vile "simulizi" lilivyoundwa kutokana na "simulia". Mwenye kusikia "bunilizi" ajua mara moja kwamba jambo hilo limetungwa.

Si katika Kiswahili tu kwamba jina lilichelewa. Mary Shelley alichapisha Frankenstein mwaka 1818, Jules Verne akachapisha hadithi yake ya safari kutoka duniani hadi mwezini mwaka 1865, na H. G. Wells akatoa ile ya mashine ya kusafiria katika wakati mwaka 1895. Jina ambalo Waingereza na Wamarekani hulitumia leo lilienea baadaye, baada ya Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, kuanzisha gazeti la Amazing Stories mwaka 1926 kwa ajili ya hadithi za aina hiyo peke yake. Kwa hiyo tusidhani kwamba mahali pasipo na jina hapana mapenzi. Yatupasa kuyatafuta mapenzi hayo chini ya majina mengine.

MASIMULIZI YA SHIKOME

Katika Usukuma wa zamani moto uliowashwa jioni nyumbani kwa mwenye ng'ombe, uitwao shikome, ulikuwa chuo cha vijana. Hapo wazee walifundisha ukoo, sheria, vitendawili na ngano. Katika ngano zilizosimuliwa na Wasukuma iko moja ambayo yatufaa sana, nayo ni ya zimwi Shing'weng'we na kijana Masala Kulangwa.

Kwa muhtasari, zimwi hilo lilimeza watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha. Akazaa mtoto wa kiume, naye ndiye Masala Kulangwa, jina lenye maana ya mtu mwenye akili, mwepesi wa kuelewa. Mtoto alipopata fahamu alimwuliza mama yake watu wengine wako wapi. Mama akamweleza. Ndipo mtoto akaenda porini, akaua mdudu au mnyama, akarudi kumwuliza mama kama huyo ndiye Shing'weng'we. Mama akasema siye. Akaenda tena, akaleta mnyama mkubwa zaidi, akauliza tena. Mwishowe akalipata zimwi lenyewe, akalipasua tumbo, watu na ng'ombe wakatoka wazima.

Wahubiri wameifasiri ngano hii kwa njia ya dini, na wanasiasa kwa njia ya ukombozi wa taifa. Mimi nataka kuionyesha kwa upande mwingine. Ajabu ya zimwi ni ya ngano tu, kwa maana hatuelezwi lilitoka wapi wala tumbo lake lilitoshaje. Lakini mwendo wa kijana si mwendo wa uganga. Hana pete ya bahati wala hirizi. Anachukua kitu, anakipima na maelezo aliyopewa, anaambiwa sicho, anakiacha, anatafuta kingine. Huo ndio mwendo wa mchunguzi. Kisha lipo jambo ambalo kila aliyepata kusimulia ngano mbele ya watoto atalishuhudia: msikilizaji mdogo haridhiki. Huuliza waliomezwa walivuta pumzi namna gani. Huuliza walikula nini humo tumboni, na kama palikuwa na giza. Mzee wa zamani yaelekea alicheka, au alimkemea mwuliza maswali. Lakini mtoto huyo amekwisha kuvuka mpaka. Ngano amepewa na wazee. Maswali ameyatunga mwenyewe, na katika maswali hayo bunilizi ya kisayansi imekwisha kuanza.

MGODI KAMA MWALIMU

Mahali pengi duniani mtoto hujifunza ajabu za mitambo kutoka vitabuni. Katika nchi tunayoieleza mitambo yenyewe ilikuja kabla ya vitabu. Mwaka 1940 John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua chimbuko la almasi huko Mwadui, karibu na Shinyanga. Mwaka 1947 ikapatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ambayo ilitolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Huko Geita dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966, kisha mgodi mpya wa shimo la wazi ukaanza kazi mwaka 2000. Bulyanhulu, katika nchi ya Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012.

Tarehe hizi zaonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka 80 watu wa huku wameishi kando ya mashimo na mitambo iliyo mikubwa kuliko mahitaji ya maisha yao ya kila siku. Mtoto achungaye ng'ombe aweza kuona gari ambalo tairi lake lamzidi baba yake kimo. Usiku huona taa za mgodi zikiwaka kama mji usiolala, nyuma ya uzio ambao yeye haruhusiwi kuuvuka. Kitu kinachoonekana lakini hakifikiwi huzaa hadithi. Ndiyo maana pembezoni mwa migodi mikubwa hazikosekani simulizi za mashine zinazojiendesha, za njia za chini kwa chini zitokeazo mbali, na za macho yaonayo ndani ya jiwe.

Hata katika maduara ya wachimbaji wadogo, ambako mtu hushuka kwa kamba, husaga mawe kwa karasha na kukamatisha dhahabu kwa zebaki, fikra husafiri. Wapo waaminio kwamba dhahabu hutembea, kwamba hukimbia ikichukizwa, na kwamba ina wenyewe walio chini. Mtaalamu wa miamba naye husema kwamba dhahabu ilitembea. Lakini yeye hutaja maji ya moto sana yaliyopenya katika nyufa za miamba yakaiacha humo, na miamba yenyewe ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Almasi nayo, asema, ilifanyika katika kina cha zaidi ya kilomita 100 na kurushwa juu na mlipuko wa volkano. Ukilinganisha maelezo haya mawili, hutaona kwamba ya mtaalamu yamepungukiwa na ajabu. Pengine yamezidi. Jules Verne alihitaji kutunga kitabu kizima, mwaka 1864, kuwapeleka watu wake kuelekea kitovu cha dunia. Mtoto wa Mwadui aweza kuambiwa kwamba jiwe dogo lililo kiganjani limekwisha kufanya sehemu ya safari hiyo. Mwalimu akimwambia hivyo kwa maneno ayaelewayo, mara nyingi ndiyo siku ya kwanza ya mapenzi yenyewe.

KIBANDA CHA VIDEO

Mlango wa tatu ni kibanda cha video. Kilikuwa chumba chenye mabenchi, televisheni moja, jenereta nje, na kiingilio cha fedha kidogo. Filamu zilikuwa za Marekani, Hong Kong na India, nazo hazikuwa na Kiswahili. Hapo ndipo alipotokea mfasiri, ambaye alisema juu ya sauti ya filamu, akieleza, akitania na kuongeza yake. Aliyejulikana kuliko wote Tanzania ni marehemu Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye kanda zake zilisambaa na kusikilizwa mbali na mahali alipoishi.

Wasomi wengi waliwadharau wafasiri hawa kwa kuwa hawakufuata maneno ya asili. Kwa uchunguzi wa lugha dharau hiyo ni hasara. Nilipokuwa kijana Shinyanga katika miaka ya 1990 nilimsikia mfasiri mmoja akieleza filamu ya mtu-mashine aliyetumwa kutoka wakati ujao. Hakuwa na kamusi. Alipofika pale ambapo mtu huyo hupasuka ngozi na chuma kuonekana, alisema kwamba huyu "hakuzaliwa, alifuliwa", kama jembe lifuliwavyo na mhunzi. Watu wote kibandani walielewa papo hapo, na mzee mmoja akauliza kwa sauti ni nani aliyemfua mhunzi wake. Sijapata kusikia maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo juu ya tofauti ya kiumbe na mtambo. Kitenzi "fua" ni cha kale. Kazi aliyopewa jioni ile ilikuwa mpya kabisa.

KITABU

Mlango wa nne ni kitabu, nao kwa bahati mbaya ndio mwembamba kuliko yote. Si kwamba vitabu havipo. Shaaban Robert katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, alituonyesha nchi inayoelea hewani ambayo wajumbe wake walitumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini. Kusudi lake lilikuwa haki na sheria, wala hakueleza nchi hiyo ilizuiwa na nini isianguke, kwa hiyo kwa masharti yetu si bunilizi ya kisayansi. Hata hivyo msomaji mwenye umri wa miaka 12 haulizi kusudi la mwandishi. Huuliza nchi hiyo yaeleaje.

Karibu zaidi na maana yetu ni Walenisi ya Katama Mkangi wa Kenya, iliyotoka mwaka 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa kufa atiwa katika chombo cha kurushwa angani, akajifunza kukiendesha, akafika katika nchi yenye utaratibu bora kuliko wa kwao. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, ambaye kwa watu wa Geita ni jirani wa ng'ambo ya maji, aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Hizi ni riwaya ngumu zinazochanganya falsafa, ndoto na hofu ya maangamizi ya dunia. Kyallo Wadi Wamitila naye alitoa Bina-Adamu! mwaka 2002. Lakini vitabu hivi vyote vimeandikwa kwa ajili ya msomaji aliyekomaa. Msomaji wa kwanza, yule wa miaka 10 au 12 aliyetoka kuuliza maswali ya tumbo la Shing'weng'we, hana vingi alivyoandikiwa.

Baya zaidi, katika umri uo huo hubadilishiwa lugha. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, na katika sekondari Kiingereza kimeendelea. Mtoto ambaye shauku yake imeamshwa kwa Kisukuma nyumbani na Kiswahili shuleni hufika mahali ambapo fizikia, mwanga, mvutano na nyota vyafundishwa kwa lugha ambayo bado anajifunza kuitamka. Wachache huvuka. Wengi hubaki na shauku isiyo na maneno, au maneno yasiyo na shauku.

KUTOKA -KA- HADI -NGE-

Hapa naomba ruhusa ya kuingia katika sarufi, kwa kuwa naamini kwamba jambo lote tunalolieleza laweza kuonekana katika viambishi vya vitenzi vyetu.

Ngano ya Kiswahili huendeshwa kwa -li- na -ka-. "Palikuwa na zimwi. Likaja, likameza watu, likameza ng'ombe." Kiambishi -ka- husukuma tukio moja nyuma ya lingine bila kusema kwamba la kwanza ndilo lililosababisha la pili. Hufuatana tu, kama ng'ombe njiani. Msikilizaji wa -ka- huuliza swali moja: "Halafu?"

Bunilizi ya kisayansi huzaliwa msikilizaji anapoacha kuuliza "halafu?" akauliza "ingekuwaje?" Hapo amehamia katika -nge-. "Kama watu wangekaa tumboni siku tatu, wangevuta hewa gani?" Kiambishi hiki kina sehemu mbili zinazotegemeana: ukiweka sharti upande mmoja, wajifunga kutoa matokeo upande wa pili, nayo matokeo lazima yalingane na sharti. Ndiyo sheria ya bunilizi za kisayansi kwa ukamilifu. Mwandishi ana uhuru wa kuweka sharti lolote. Akishaliweka hana uhuru tena.

Wanasarufi wa zamani, kama E. O. Ashton katika kitabu chake cha mwaka 1944, walitenga -nge- na -ngali-: la kwanza kwa jambo ambalo bado laweza kufikirika kuwa, la pili kwa jambo ambalo nafasi yake imekwisha kupita. Twajua kwamba wasemaji wengi hawaufuati mpaka huo siku zote. Lakini tofauti yenyewe yafaa kuhifadhiwa kwa kusudi letu. "Tungalifika mwezini" ni majuto. "Tungefika mwezini" ni mpango unaongoja vyombo. Kwa maoni yangu mapenzi ya bunilizi za kisayansi huanza pale mtu anapogundua, pasipo kufundishwa, kwamba lugha yake mwenyewe ina mahali pa kuweka jambo lisilokuwapo na kulipima.

KWA NINI JAMBO HILI SI LA MCHEZO

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya burudani. Katika nchi ninayoieleza sivyo. Tangu miaka ya 2000, na hasa kuanzia mwaka 2007, mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Geita ikiwemo, ilijulikana ulimwenguni kwa mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyofanywa na watu walioamini kwamba viungo vya binadamu huleta bahati katika machimbo na uvuvi. Kabla ya hapo, na sambamba na hapo, wanawake wazee waliuawa kwa kushutumiwa uchawi, na moja ya dalili zilizotajwa ilikuwa macho mekundu. Mnamo Januari 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku waganga wapiga ramli.

Tuangalie macho hayo mekundu kwa njia ya sharti na matokeo. Katika nyakati za ukoloni misitu mingi ya Usukuma ilikatwa, ama kwa ajili ya kufukuza mbung'o ama kwa kupanua mashamba, hata mwaka 1986 ikabidi kuanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ili kuirudisha. Msitu ukipungua, kuni hupungua. Kuni zikipungua, mwanamke hupikia mabua, vijiti vya pamba na samadi kavu. Samadi hutoa moshi mwingi. Mwanamke aliyepika katika moshi huo kwa miaka 40 atakuwa na macho mekundu. Basi, kutoka kukatwa kwa mti hadi jicho la ajuza pana mnyororo, na kila pete yake yaonekana. Aliyemwua hakuiona hata moja. Aliona ajabu, akatosheka na jina lake.

Sidai kwamba kitabu cha hadithi chaweza kuzuia panga. Umaskini, tamaa na udhaifu wa sheria vina sehemu yao, wala wauaji hawakukosa hadithi za kusikiliza. Ninachodai ni kidogo zaidi, lakini nakidai kwa uthabiti: mtu aliyezoea tangu utotoni kudai maelezo ya kila ajabu asimuliwayo ni mgumu kuuziwa ajabu isiyo na maelezo. Mpiga ramli na mtunzi wa bunilizi za kisayansi wote wawili husema mambo yasiyoonekana. Lakini mtunzi humpa msikilizaji haki ya kuuliza "kwa njia gani?", na mpiga ramli humnyima.

Ngano yenyewe ya Masala Kulangwa ina sehemu ambayo mara nyingi husahauliwa. Yasimuliwa kwamba alipokuwa akilipasua zimwi, kisu kilimjeruhi ajuza mmoja sikio, naye ajuza akakasirika akataka kumroga. Kijana hakumwua. Alitafuta dawa, akamtibu lile jeraha. Wazee wa shikome walijua walichokuwa wakisema walipomwita mtu huyo mwenye akili.

MANENO NA VITABU

Nchi za ng'ambo zatoa mfano wa faida nyingine. Robert Goddard wa Marekani alisoma hadithi ya Wells juu ya uvamizi kutoka sayari ya Mars mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 16, na mwaka 1926 akarusha roketi ya kwanza yenye kutumia mafuta ya maji. Mapenzi yake yalipata lugha, lugha ikapata vitabu, vitabu vikampa kazi ya maisha.

Kiswahili chenyewe hakikuwa mbali na anga. Mnamo 1960 kituo cha kufuatia vyombo vya Wamarekani kilijengwa Zanzibar, kikatumika hadi mwaka 1964. Tarehe 12 Desemba 1970 chombo cha kuchunguza nyota kwa miali ya eksirei kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ya Kenya. Na katika Star Trek, mchezo wa televisheni ulioanza Marekani mwaka 1966, ofisa wa mawasiliano wa chombo cha angani aliitwa Uhura, jina lililotolewa katika neno letu hilo hilo. Watunzi wa mbali waliona kwamba Kiswahili chafaa kusemwa kati ya nyota. Kwetu kazi hiyo bado imelala.

Katika jitihada za istilahi tumefanya mengi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Lakini istilahi iliyo ndani ya kamusi ni kama mbegu ghalani. Haijulikani ubora wake mpaka ipandwe. Neno "roboti" latufundisha hayo. Halikuundwa na baraza. Lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek iliyochezwa Prague mwaka 1921, likitokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, ile tuliyoiita shokoa. Watu walipenda mchezo, wakachukua neno, nalo likazunguka dunia likafika kwetu. Kama mtunzi wa Kiswahili angetangulia, huenda leo tungemwita mtumishi huyo wa chuma kwa jina la kwetu, na dunia ingekuwa inaliazima.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, wakusanyaji wa ngano za Kisukuma, Kizinza na Kikerewe waandike pia maswali ya wasikilizaji, hasa watoto, badala ya kuyafuta kana kwamba ni kelele. Pili, kanda za wafasiri wa video zihifadhiwe na kuchunguzwa kama hazina ya msamiati, kabla hazijaharibika zote. Kanda za sumaku hazidumu, na kila mwaka uliopita umepunguza idadi yake. Tatu, watunzi na wachapaji watoe hadithi fupi za Kiswahili kwa wasomaji wa miaka 10 hadi 14, zenye migodi, ng'ombe, pamba na ziwa ndani yake, na ambazo kila ajabu yake ina maelezo ambayo msomaji anaweza kuyabishia.

Hili la mwisho ndilo zito. Mtoto wa Geita ana ngano, ana mgodi, ana picha, na sarufi yake ina -nge-. Alichokosa ni kitabu cha lugha yake kitakachomjibu kwamba swali lake ni zuri, na kumwongezea lingine gumu kuliko hilo. Wenzangu walio na mifano kutoka pwani, Kongo ya mashariki au Uganda nawaomba waieleze katika kurasa hizi, ili tupate kulinganisha na kusahihishana.